White Sox Majira ya Baridi: Murakami Kaja, Robert Je?

IDI: Haya wapendwa, karibuni. Mwaka 2026 ndio kwanza umeanza, tuko hapa Chicago, na baridi ya nje leo haina adabu. Mimi Idi, na mwenzangu...

ZUHURA: Zuhura hapa. Shikamoo kaka Idi.

IDI: Marahaba, mdogo wangu. Leo hatugusi soka. Mada ni besiboli, na timu ni White Sox ya kusini mwa jiji. Anayetaka kusikia habari za watani wetu Cubs, aende kaskazini akawatafute huko huko.

ZUHURA: (anacheka) Wageni tuwape picha basi. Msimu wa 2024 hii timu ilicheza mechi 162 ikafungwa 121. Hakuna timu iliyowahi kufungwa mara nyingi hivyo tangu miaka ya 1900 kuanza. Waliokuwa wakishikilia aibu hiyo ni timu ya Mets ya New York ya 1962, mara 120. Na katikati ya msimu tulipoteza mechi 21 mfululizo.

IDI: Mimi kipindi kile nilikuwa naivaa kofia yangu nyumbani tu.

ZUHURA: Uongo! Ulikuwa unaivaa mpaka sokoni.

IDI: Sawa, niliivaa. Ndoa ni ndoa. Sasa, 2025 tukashinda 60, tukapoteza 102. Mtu wa nje anasema "bado wabovu." Lakini ni ushindi 19 zaidi ya mwaka uliotangulia, na ukitazama waliocheza ni watoto watupu. Ndiyo maana usajili wa majira haya ya baridi una maana kuliko ule wa mwaka juzi.

ZUHURA: Hapana, kaka. Huwezi kuuelewa wa sasa bila ule wa Desemba 2024. Tuanze na Crochet.

IDI: Umeanza kutonesha kidonda.

ZUHURA: Lazima. Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto, ndiye mtu pekee aliyekuwa akikutoa nyumbani kwenda uwanjani. Wakampeleka Boston, wakarudishiwa vijana wanne: Kyle Teel mdakaji, Braden Montgomery, Chase Meidroth na mrushaji Wikelman Gonzalez. Msimu ukiwa ndio kwanza umeanza Boston wakampa Crochet mkataba wa miaka sita, dola milioni 170. Akaenda kuwatoa wapigaji 255 kwa straiki tatu, hakuna aliyemfikia kwenye ligi yake ya American, moja ya ligi mbili kubwa.

IDI: Sasa niambie, sisi tungempa hizo milioni 170? Mkataba mkubwa kuliko yote kwenye historia ya White Sox ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Milioni sabini na tano! Kwa jiji kubwa kama hili! Crochet angekaa miaka miwili iliyobaki kwenye mkataba wake, akashinda mechi zake kwenye timu inayofungwa siku nyingine zote, halafu akaondoka bure.

ZUHURA: Ndiyo hoja yangu. Kumuuza kulikuwa sahihi kwa sababu tu mwenye mali hataki kufungua pochi. Meneja mkuu, Chris Getz, alicheza vizuri karata alizopewa. Aliyezigawa ni mzee Jerry Reinsdorf, na yuko hapo tangu 1981.

IDI: Hapo sikupingi. Ila tazama walichovuna. Teel alipanda kutoka ligi ndogo Juni, na leo ndiye mdakaji wetu. Meidroth hana nguvu za kutisha, lakini ana jicho: mpira mbaya haugusi, anasimama pale kama mama mwenye duka anayesubiri ulipe deni.

ZUHURA: (anacheka) Na Braden Montgomery bado hajapanda. Kwangu huyo ndiye mwenye kipaji kikubwa kuliko wenzake watatu.

IDI: Halafu kuna ule ujanja wa bei ya karanga ambao watu hawauzungumzi. Shane Smith! Kuna utaratibu kila Desemba, timu inaweza kumchukua kijana ambaye timu yake imemwacha nje ya orodha ya wachezaji 40. Unalipa dola laki moja, lakini sharti umweke kwenye kikosi kikubwa msimu mzima, la sivyo unaipa timu yake ya zamani nafasi ya kumrudisha. Timu inayotaka ubingwa haiwezi kubeba mzigo huo. Mbovu inaweza. Sisi kwa ubovu wetu tukawa wa kwanza kuchagua, tukamtoa Milwaukee, na Julai akawa kwenye mechi ya nyota wote.

ZUHURA: Laki moja! Kwenye besiboli hiyo ni hela ya chai.

IDI: Na Adrian Houser je? Aliokotwa Mei akiwa hana timu, akarusha kama mtu mwenye hasira na dunia, Julai akapelekwa Tampa Bay tukapata vijana. Timu inayojengwa upya ndivyo inavyotakiwa kufanya biashara.

ZUHURA: Vizuri, lakini mimi ni mshabiki, sina hisa. Sinunui tiketi nikaangalie biashara. Ndiyo maana hii habari ya Munetaka Murakami imenifurahisha kuliko zote.

IDI: Waeleze.

ZUHURA: Mjapani, mzaliwa wa 2000, anatoka Yakult Swallows. Mwaka 2022 alipiga homurani 56, yaani mara 56 mpira ukavuka uzio moja kwa moja. Hakuna mzaliwa wa Japani aliyewahi kufikisha hizo kwenye ligi yao kwa msimu mmoja. Watu walitegemea atapata mkataba mrefu wa kutisha. Timu zikaogopa, kwa sababu anakosa mipira mingi, hasa ya kasi. Sox wakaingia: miaka miwili, dola milioni 34.

IDI: Mimi naiita kamari nzuri. Akipiga, anajaza uwanja, na ukitaka kumuuza Julai 2027 foleni itakuwa ndefu. Akishindwa, miaka miwili imekwisha, hakuna mzigo wa miaka kumi shingoni.

ZUHURA: Ona, tayari unamuuza! Hajavaa hata jezi!

IDI: (anacheka) Mazoea, dada. Wetu wengi wameuzwa.

ZUHURA: Mimi nataka akae. Umweke pamoja na Colson Montgomery. Unakumbuka mwanzoni mwa 2025 Colson alikuwa hapigi kitu huko ligi ndogo, mpaka wakamtuma Arizona kurekebisha namna anavyozungusha gongo? Akapanda Julai, akapiga homurani 21 ndani ya mechi 71. Ongeza Teel. Hiyo sasa inaanza kufanana na timu.

IDI: Na Desemba bahati nasibu ya drafti, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya, ikatuangukia, tutachagua wa kwanza 2026. Mwaka uliotangulia, baada ya vipigo 121, kanuni ilitusukuma hadi nafasi ya kumi, kwa kuwa timu za masoko makubwa haziruhusiwi kuingia kwenye bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Tuliumia bila hata kupewa pole.

ZUHURA: Kwa hiyo limebaki la Luis Robert, mpigaji wetu. Novemba Sox walikubali kumlipa dola milioni 20 za 2026. Mwaka 2023 alipiga homurani 38. Mwaka jana 14, na mwili haukumpa raha. Auzwe?

IDI: Auzwe kesho asubuhi.

ZUHURA: Mimi nasema asubiriwe. Ukimuuza sasa unauza embe bichi. Acheze Aprili na Mei, awe mzima, bei ipande.

IDI: Na akiumia Aprili? Embe litaoza mkononi. Tena nina sharti lingine: hizo milioni 20 zisirudi mfukoni mwa mzee. Zinunue warusha mipira wa mwisho wa mechi, maana 2025 tulikuwa tunaongoza halafu tunaachia.

ZUHURA: Hilo sharti nalipokea. Lakini akiuzwa kabla ya Februari na zile pesa zisionekane, utanipikia pilau.

IDI: Nitapika. Na akiwa bado yupo siku ya kwanza ya msimu, tiketi zako pale uwanjani kwetu Rate Field nakununulia mimi.

ZUHURA: Viti vya nyuma ya mdakaji?

IDI: Vya juu kabisa, dada, kwenye upepo. Na mimi timu yangu inajengwa upya.