Pensheni Inaliwa Ungali Kazini

Wababa, wamama, na ninyi vijana wa sutretansi (mnaoajiriwa kupitia kampuni za kati) mliokaa nyuma karibu na mlango: neno ni lile lile la kila mara. Mnalalamika kwamba pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Kongo (najua, wengi bado mnasema INSS, jina lake la zamani), haimalizi mwezi, Serikali iongeze. Mimi nauliza kwanza: mwajiri wako ameutangazia mfuko mshahara gani?

Toeni fishi ya mshahara, ile karatasi ya malipo ya mwezi. Mchango ni asilimia 18: 13 za mwajiri, 5 zako. Humo, 10 ni za pensheni, mnagawana nusu kwa nusu, 6.5 za posho ya watoto na 1.5 za ajali na magonjwa ya kazi zinamhusu mwajiri peke yake. Tuseme unapokea dola 600. Mwajiri anaandika 200 kuwa mshahara. 400 anazibatiza majina mengine: prime (posho) hii, prime ile, nyingine ndani ya bahasha. Kwa 600 mfuko ungepata dola 108 kila mwezi. Sasa mfuko unapata 36. Hizo 72 ziko wapi? Kuna mtu atasema: «Lakini na mimi nimefaidi, sikukatwa.» Ndiyo, baba, umebaki na dola 20. Yeye amebaki na 52. Na siku ya kustaafu watahesabu mshahara uliotangazwa, si ule uliokuwa unakula. Pensheni yako imebaki theluthi moja, nawe uliiuza kwa dola 20.

Ndiyo maana wanaotaka kupandisha asilimia wananichosha. Pandisha 18 iwe 20: mwenye kutangaza 200 atalipa 40, badala ya zile 108 alizopaswa kulipa tangu mwanzo. Anayeumia ni yule aliyekuwa anatangaza yote, na mwaka kesho naye atajifunza kuficha.

Tena kuna miezi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inataka miaka 60 ya umri na miezi 180 ya michango. Miezi, ndugu! Kijana anafanya miezi sita kwa huyu, minane kwa yule, kila kampuni inamwandikisha upya, jina mara «Ilunga», mara «Ilounga». Miaka 20 amefanya kazi; kwenye karatasi ana miezi 90 vipande vipande. Huyo hapati pensheni ya kila mwezi, anapewa malipo ya mara moja, basi. Kwa hiyo: namba yako ya kwanza ndiyo namba yako. Ipeleke kwa kila mwajiri mpya. Kila mwaka nenda ofisini ukaombe orodha ya miezi iliyolipwa, uilinganishe na fishi zako. Kukatwa kwenye fishi si ushahidi kwamba fedha zilifika.

Wengine mtasema: «Lakini zaire, fedha yetu ya zamani, ilikufa na akiba yetu.» Kweli. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya moja. 1994 bei zikapanda zaidi ya asilimia 9,000. 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Akiba ya noti tupu haivuki mto huo. Dawa ni pensheni kufuata mishahara na bei, na akiba kuwekwa penye kuzaa. Nyumba ya mfuko ambayo mpangaji halipi kodi si akiba, ni ukuta.

Ya Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, mnayajua: kuanzia 2003 zaidi ya watu 10,000 wameondoka pamoja. Waliokuwa wakichanga waliacha kuchanga, na wengi wao wakaja kudai siku moja.

Wajane nilitaka kuwasemea kwa urefu, saa imeniishia. Kwa kifupi: andikisheni ndoa komini (ofisi ya serikali ya mtaa), hata ile ya kimila, mume angali hai, ili mjane awe na karatasi ya kudai haki yake.

Anayetaka tuhesabu fishi yake aje mbele. Alete ya mwezi huu na ya mwaka jana pamoja.