Chakula cha Kijiji: Kambarage Nyerere Akiwa Mwanafunzi

Wakubwa zangu, shikamooni. Na nyinyi wanachuo mliojibana kule nyuma, hamjambo? Sogeeni basi, viti vya mbele vipo.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na jambo moja limenisumbua muda wote huo. Tukifika kwenye mada ya uhuru, Nyerere anaingia darasani akiwa tayari mtu mzima: Julai 7, 1954, TANU imezaliwa, yeye ndiye rais wake. Mwanafunzi anaandika kwenye daftari, anapiga mstari, tunaendelea. Leo naomba turudi nyuma miaka ishirini kamili, hadi 1934, tumkute akiwa na umri wa miaka 12 anaanza darasa la kwanza.

Kumi na miwili. Hapo Butiama alikuwa mchunga mbuzi. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Mama huyo hakukanyaga darasa. Mtoto aliitwa Kambarage, jina linalohusiana na mizimu ya mvua. Alichongwa meno ya mbele kwa mila ya kwao, na ukizitazama picha zake za baadaye, anacheka akiwa Rais, meno yale bado unayaona. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu picha hizo. Nataka wajue kwamba yule waliyemzoea kwenye noti na kwenye kuta za ofisi alitoka kwenye boma lenye mbuzi na mtama, kama babu zao walivyotoka.

Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, Musoma mjini, kilomita 40 hivi kutoka nyumbani, kwa hiyo ilimbidi alale bweni. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hili watu wengi wanashangaa wakiambiwa: lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni. Mtu aliyekuja kuwahutubia Watanganyika kwa Kiswahili mpaka watu wakasimama juani saa nzima bila kuchoka, na aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alianza kujifunza lugha hiyo akiwa na miaka 12. Nyinyi mtakaopangiwa shule ambako watoto wanakuja na Kisukuma au Kimang'ati tu mdomoni, msiwaite wazito. Huyu wa Butiama alimaliza masomo ya miaka minne kwa mitatu.

Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ya serikali. Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakiwa na nia ya kuwasomesha watoto wa machifu, waje kuwasaidia kutawala, na mwenendo wake waliuiga kutoka shule za mabwana wa kwao: viranja, nidhamu kali, michezo, Kiingereza. Alikaa hapo hadi 1942, akawa kiranja, akashiriki midahalo. Mwaka ule wa 1942 baba yake akafariki. Uchifu ukaenda kwa kaka yake, Edward Wanzagi. Kambarage akabaki na vitabu. Desemba 23, 1943 akabatizwa katika misheni ya Nyegina, na jina la Julius likaanzia hapo.

Wakati huo alikuwa ameshaanza chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Makerere ya siku zile haikutoa shahada, ilitoa diploma, na Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka digrii ilimlazimu aende nje ya Afrika Mashariki. Lakini mimi naona Makerere ndiko alikoanza kufikiri kwa sauti. Yeye na Watanganyika wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, waliunda chama cha ustawi wa Watanganyika chuoni hapo, kisha wakajiunga na TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoitangulia TANU. Na kuna insha moja. Mwaka 1944 aliandika kuhusu uhuru wa wanawake. Alizichukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill akazipeleka Uzanaki, kwenye maboma aliyokulia. Angeweza kuchagua mada yoyote ya kumpendeza mwalimu. Akachagua kazi za akina mama aliowaona tangu utotoni, wake wa chifu ambao jembe halikuwatoka mkononi kwa sababu tu mume wao alikuwa mkubwa. Kwangu mimi hapo pana mengi kuliko cheti chenyewe.

Akarudi Tabora 1946 kufundisha. Hapa naomba nikae kidogo, maana nyinyi ni walimu. Nafasi zilikuwepo mbili: shule ya serikali aliyosoma mwenyewe, na St. Mary's ya Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Serikalini mshahara ulikuwa mkubwa zaidi, na kulikuwa na pensheni. Akachagua St. Mary's. Akafundisha baiolojia na historia, na jioni akawafundisha watu wa mjini Kiingereza. Miaka mitatu. Vitabu vingi vinaipita miaka hiyo kwa sentensi moja, na naona hilo ni kosa, kwa sababu hapo ndipo alipotoka mwanafunzi aliyezoea kusifiwa akawa mtu mwenye chaki mkononi, anayeishi mjini na watu wa kawaida, huku akifanya kazi za TAA. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule, akamwona, akamhimiza aende kusoma Uingereza na akamsaidia kupata nafasi. Akaondoka 1949, akimwacha mchumba wake, Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa mwalimu.

Edinburgh. Mji wa mawe, baridi, na Watanganyika wanaosoma Uskoti nzima wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ilitarajiwa asome sayansi. Akaomba abadilishe, akasoma sanaa: fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, anthropolojia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Baadaye alisema mwenyewe kwamba kule alipata muda wa kufikiri, na kwamba fikra zake zote za siasa zilikomaa kule. Wala hakujifungia maktaba. Alishiriki mikutano ya kupinga Shirikisho la Afrika ya Kati, ambalo walowezi walilitaka na Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia wakalikataa. Na huku nyumbani, Novemba 1951, Wameru walikuwa wanafukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zinachomwa moto, ili wazungu wapate malisho. Mtu anasoma uchumi na katiba Uskoti wakati watu wa nchi yake wanafanyiwa hayo. Julai 1952 akapata shahada yake, mwaka huohuo akarudi.

Sasa hapa ndipo lilipo jambo lililonileta. Alipokuwa Rais, Nyerere alitoa mfano ambao naamini ulitokana na maisha yake mwenyewe. Alisema aliyesomeshwa ni kama mtu wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wamekusanya chakula chote kilichobaki wakampa yeye, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Akila akapotea, amewasaliti. Hebu mfikirieni aliyekuwa anasema hivyo. Kila hatua aliyopanda, kuna mtu alimpandisha: baba aliyemtoa kwenye mbuzi, mapadri, kodi za wakulima. Alijua hesabu yake.

Ndiyo maana Oktoba 22, 1966 ilimwuma vile. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakipinga Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mishahara, na bango moja likasema afadhali ukoloni. Aliwasikiliza, akakasirika kuliko watu walivyowahi kumwona, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Mnaweza kubishana kama aliwaonea. Mimi mwenyewe nadhani adhabu ilikuwa kali mno kwa vijana, na wengi walirudishwa baadaye. Lakini siku ileile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi mwaka uliofuata akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ile mnayoisoma hapa chuoni.

Na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani. Hakuna tena kusubiri mpaka miaka 12, hakuna tena mtoto wa chifu kwanza. Uamuzi huo tunauita Azimio la Musoma, kwa jina la mji ulikopitishwa. Mwisenge iko palepale mjini.