Neno "tally": chukua kalamu tulifanyie kazi

Karibuni. Kabla sijaendelea, chukua karatasi na kalamu. Neno "tally" la Kiingereza huingia vizuri zaidi mkono ukiwa unaandika.

Tuseme magunia yanashushwa kwenye lori, na wewe ndiye wa kuhesabu. Gunia la kwanza likipita, chora mstari wa kusimama. La pili, mstari mwingine pembeni yake. La tatu na la nne vivyo hivyo. Sasa angalia hapa: la tano usilichoree mstari wa kusimama. Pitisha mstari wa mshazari juu ya ile minne, kama unafunga lango. Hilo ni fungu moja. Acha nafasi, anza jingine.

Kwa nini tano? Jicho hutambua vitu vitatu au vinne papo hapo, bila kuhesabu. Vikizidi hapo unaanza kunyooshea kidole kimoja kimoja, na ndipo watu wanapopotea. Wachina nao huhesabu kwa mafungu ya tano, ila wao huandika herufi 正, mstari mmoja kwa kila kitu, na mistari yake ni mitano kamili. Naipenda sana hiyo, maana herufi isiyokamilika unaiona mara moja.

Mzigo ukiisha, hesabu mafungu kwa tano tano, kisha ongeza mistari iliyobaki. Mafungu saba na mistari mitatu ni 38.

Mistari hiyo, na hesabu inayokua nayo, ndiyo "tally". Ukiambiwa "keep a tally", maana yake weka hesabu kadiri mambo yanavyotokea. Wengi hulitafsiri moja kwa moja kuwa jumla. Jumla huja mwishoni, na hiyo huitwa "final tally". Lakini tally yenyewe unaianza gunia la kwanza linapopita.

Sasa mwenzako aliyesimama mlangoni mwa ghala alete karatasi yake. Zikilingana, Kiingereza husema "they tally". Neno lilelile, safari hii likiwa na maana ya kuwiana. Limetoka wapi huko?

Limetoka kwenye kijiti. Kilatini "talea" ni kijiti kilichokatwa. Hazina ya wafalme wa Uingereza iliandika malipo kwa kukata alama kwenye vijiti: mkato wa upana wa kiganja ulikuwa pauni 1,000, wa dole gumba pauni 100. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake. Siku ya hesabu nusu hizo ziliunganishwa, na mikato ilipaswa kukutana. Aliyeongeza mkato kwake alijulikana hapohapo. Mtindo huo uliachwa mwaka 1826, na Oktoba 1834, vijiti vya zamani vilipokuwa vikichomwa kwenye matanuru yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Baraza la Malodi, moto ulisambaa ukateketeza majengo ya Bunge.

Turudi kwenye karatasi zetu. Yako 38, yake 37. Hazilingani, "they don't tally". Msifute kitu, na asiyejiamini asikubali tu namba ya mwenzake. Pitieni fungu kwa fungu. Tazama hili la nne kwake: mistari ya kusimama ni mitano, ndipo ukaja mshazari. Magunia sita yamehesabiwa matano. Andikeni 38, kila mmoja aweke sahihi yake.