Kauntabuku na Duka la Bei Chee: Mhadhara kwa Wenye Maduka wa Masasi

Shikamooni wazee. Habari za mchana ndugu zangu wenye maduka, nanyi wanunuzi mliokuja kusikiliza. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini: duka la mtaani linalokopesha likifa mkulima anaumia, na ili lisife wenye maduka tununue bidhaa kwa pamoja. Nimelisema Mtwara mjini, nimelisema Nachingwea, na leo nalisema hapa Masasi. Sitachoka.

Nimekuja na kitu. Hii ni kauntabuku, daftari la mikopo, ya duka la dada yangu, Newala. Imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kurasa za mwanzo zimelowa mafuta ya kula. Majina nimeyabandikia karatasi, maana deni la mtu ni siri yake. Nasoma ukurasa mmoja tu. "Sukari robo. Chumvi. Unga kilo mbili. Sabuni kipande. Dawa ya kichwa. Unga kilo mbili. Madaftari sita na kalamu." Hapo kwenye madaftari ni Januari 2019, shule zimefunguliwa.

Msimu ule mnaukumbuka. Novemba 2018 serikali ilisema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wanajeshi wakaja na malori, kisha ukaja uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa. Mzee mwenye ukurasa huu alikuwa ameshapeleka kilo 640 chama cha msingi cha ushirika. Karatasi ya mzani anayo, pesa hana. Milioni mbili na ushee zake ziko njiani, na nyumbani wanachimba ming'oko, mizizi ya porini. Nani alimlisha? Benki haikopeshi sukari robo. Alilishwa na ukurasa huu, miezi mitano, mpaka siku alipolipwa. Akaja na noti kazikunjia ndani ya kofia, wakahesabu mstari kwa mstari, dada akapiga kalamu nyekundu. Mstari wenyewe huu hapa, njooni muuone. Riba hakuna, hata shilingi moja.

Miaka miwili baadaye pale mjini likafunguliwa duka lenye matawi. Taa nyingi, vikapu vya magurudumu, na sukari imeshushwa shilingi 200 kwa kilo. Sisemi bei ile ni ya uongo. Anayechukua malori kumi kiwandani na kulipa baada ya siku 60 hawezi kuwa na bei moja na dada yangu, anayepanda basi kwenda Kariakoo, zaidi ya kilomita 500, kununua mifuko kumi kwa pesa mkononi. Lakini tazameni ni nani walioondoka kwanza: walimu, manesi, madereva wa halmashauri. Watu wa mshahara. Hao ndio waliokuwa wakilipa papo hapo, na pesa yao ndiyo iliyokuwa ikirudi Kariakoo kuleta mfuko mwingine wakati mzee wa korosho anasubiri mnada. Wao wakahamia kwenye taa, dada akabaki na watu wa kauntabuku peke yao. Duka haliwezi kuishi kwa mikopo mitupu. Baada ya misimu miwili akaandika ubaoni kwa chaki: HAKUNA MKOPO. Yule mzee alisimama mbele ya ubao, akausoma, akausoma tena, akaukunja mfuko wake wa rambo akautia mfukoni, akaondoka bila kusema neno.

Alikwenda wapi? Alikwenda kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo wa korosho. Akauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ambayo nikiitaja hapa mtalia. Kwa hiyo mkinionyesha ile nafuu ya shilingi 200 kwenye sukari, nionyesheni na hasara aliyoipata kwenye korosho, tuziweke mzani mmoja.

Namwona ndugu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: hao wenye maduka ndio hao hao wa kangomba, wanamkopesha mkulima unga ili wamchukulie korosho zake. Wapo. Nawajua, na wengine wamo humu ndani. Wanachofanya ni wizi na nitawaambia hivyo usoni. Lakini dawa yake ni kuwa na maduka mengi yanayokopesha kwa haki, ili mkulima awe na pa kukimbilia. Mtaa ukibaki na mkopeshaji mmoja tu, na huyo mmoja akawa wa kangomba, mkulima kwisha.

Na wewe mama uliyeniambia mlangoni kwamba bei ni bei, nakuheshimu, una watoto wa kulisha. Ila ukiwa kwenye duka lile la taa, soma gramu. Pakiti ya gramu 400 kwa shilingi 1,900 inaonekana rahisi kuliko ya gramu 500 kwa 2,200. Piga hesabu: kwa kila gramu ile ndogo ni ghali zaidi. Marekani mchezo huu wanaujua vizuri. Kampuni ya Dollar General ilifungua duka lake la kwanza la bei chee mwaka 1955 katika mji mdogo wa Kentucky, na leo ina matawi zaidi ya 19,000, mengi yakiwa katika miji midogo kama yetu na vijijini. Utaniambia hata dada yangu akipima robo anazidisha bei kidogo. Kweli, anazidisha. Lakini robo yake anaipata hata asiye na kitu mfukoni.

Halafu wakubwa hawa huondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake matatu hapa nchini kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Kampuni ya Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikafuata, na wasambazaji wengi wakabaki wanadai. Kampuni ikifunga, makao makuu huwa yamekata hesabu tu. Lakini duka la mtaani lililokufa wakati ule halifufuki, mwenyewe keshauza mizani na rafu.

Basi niende kwenye lililonileta. Sisi watu wa kusini tunauza korosho kwa pamoja. Tuna vyama vya msingi, tuna vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, na stakabadhi ghalani, ya kuweka korosho ghalani ziuzwe mnadani, tunaijua tangu 2007. Mkulima asiyejua kusoma anaelewa kwamba gunia lake likiwa peke yake halina sauti mnadani. Iweje mwenye duka mwenye kidato cha nne aende Kariakoo peke yake na mifuko kumi? Mwaka 1898 wenye maduka madogo wa Berlin waliungana kununua bidhaa kwa pamoja. Kutoka kwao ikazaliwa Edeka, ambayo leo ndiyo kubwa kuliko zote Ujerumani katika biashara ya vyakula, na hiyo ndiyo nchi iliyozaa Aldi, baba wa maduka ya bei chee. Kila mmoja alibaki na duka lake na wateja wake. Walichounganisha ni ununuzi. Nasi tufanye hivyo.

Msiniambie ushirika umetuumiza. Umetuumiza pale tulipomwachia mtu mmoja daftari na ufunguo. Katika ununuzi wetu huu daftari litasomwa mbele ya wote kila Jumamosi.

Kuhusu sheria, kwa kifupi: tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003, na Kenya mwaka 2019 walirekebisha ya kwao ili mnunuzi mkubwa asiwanyonge wanaomletea bidhaa. Hilo ni la mhadhara mwingine. Kodi na mashine za risiti nimeziruka, mniwie radhi.

Kwenye meza pale mlangoni kuna karatasi yenye safu tatu: jina la duka, mifuko ya sukari kwa mwezi, mifuko ya unga kwa mwezi. Andikeni mnachouza kweli, msijikuze. Tukifika mifuko 200 tunajaza lori la tani kumi, na kesho asubuhi napiga simu kiwandani kuuliza bei.