Debe la Maziwa la Mtaa wa Nowolipki

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea kazi hii ya makaratasi, hamjambo.

Nianze na hesabu. Tarehe 11 Januari 1943 ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyekuwa Lublin, nchini Poland, aitwaye Hermann Höfle, alituma telegramu. Waingereza waliokuwa wakinasa mawasiliano ya Wajerumani waliidaka, wakaifumbua, wakaitia jaladani, ikalala humo. Mwaka 2000 ndipo ilipotambuliwa kuwa ni kitu gani, ikiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew, London. Ni mistari michache tu. Ina herufi nne, na kila herufi ina namba yake: L 24,733, B 434,508, S 101,370, T 71,355. Halafu inakuja jumla: 1,274,166.

Mwenye kalamu ajumlishe. Haifiki, sivyo? Rudia hata mara tatu, utaishia 631,966. Ili jumla ile itimie, T lazima iwe 713,555. Mahali fulani njiani tarakimu moja ya 5 ilidondoka. Na T ni Treblinka. B ni Bełżec, S ni Sobibór, L ni Lublin, yaani kambi ya Majdanek. Namba hizo ni Wayahudi waliofikishwa kwenye kambi hizo nne hadi mwisho wa mwaka 1942.

Nimeanza na karatasi hii kwa sababu ndiyo aina tunayoipenda sisi watunza nyaraka. Ina tarehe, ina ofisi iliyotoka, ina jumla, na hata kosa lake linasahihishika. Lakini tazameni isichokuwa nacho. Treblinka haikuwa na daftari la wanaoingia. Aliyeshushwa kwenye behewa hakuulizwa jina. Saa chache baadaye alikuwa amekwisha kuuawa kwa gesi. Kule Bad Arolsen, Ujerumani, kuna mkusanyo mkubwa mno wa nyaraka za mateso ya Wanazi, zipatazo milioni 30, na familia bado zinauliza habari za watu wao huko. Mfungwa aliyepewa namba ili afanye kazi, ana kadi. Bibi kizee aliyetolewa kwenye treni na kupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha gesi hana kadi ya kambi yoyote. Kwa hiyo ukizitegemea karatasi za muuaji peke yake, wale laki saba na zaidi wa herufi T watabaki kuwa tarakimu, tena tarakimu iliyodondoshwa njiani.

Sasa twende upande wa pili.

Novemba 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw nyuma ya ukuta, mahali palipoitwa geto. Katika eneo lisilofika kilomita nne za mraba walibanwa watu ambao mwanzoni mwa 1941 walifika 450,000 hivi, wengine wakiwa wamesombwa kutoka miji midogo ya jirani bila kitu mkononi. Miongoni mwao alikuwamo mwanahistoria Emanuel Ringelblum, aliyezaliwa mwaka 1900. Shahada yake ya udaktari wa historia ilihusu Wayahudi wa Warsaw katika zama za kati. Maisha yake yote alikuwa amezoea kusoma makaratasi ya watu waliokufa karne nyingi nyuma, na nadhani ndiyo maana alijua mapema ni makaratasi gani huwa hayabaki.

Alikusanya wenzake. Walikutana siku za Jumamosi, wakajiita Oneg Shabbat, maana yake furaha ya Sabato. Ukilisikia jina hilo utadhani ni watu wa kuimba na kula pamoja. Walikuwa hamsini au sitini hivi: waandishi, walimu, wachumi, rabi, watu wa siasa ambao kabla ya vita hawakuwa wakisalimiana. Katibu alikuwa Hersz Wasser. Waliandika kwa Kiyidi, Kipolandi na Kiebrania.

Walikusanya nini? Nawaomba hapa mjiulize kwa uaminifu: ingekuwa wewe, ungekusanya nini? Mimi ningekwenda kutafuta amri za serikali na mihutasari ya vikao. Na wao walizichukua hizo. Lakini walichukua pia tiketi za tramu, kadi za mgao wa chakula, karatasi za peremende, mialiko ya matamasha, insha za watoto wa shule, magazeti ya siri, na maelezo ya kengele ya mlangoni: ukimtaka fulani bonyeza mara ngapi, fulani mara ngapi, kwa sababu nyumba moja ilijaa familia juu ya familia. Karatasi ile ya kengele haina neno hata moja la kulia, lakini ukiisoma unaona kabisa watu walivyolala.

Alikuwamo mtu aitwaye Peretz Opoczynski, mwandishi aliyekuwa tarishi ndani ya geto. Akapanda ngazi za watu na barua zao, akaandika kazi yenyewe ilivyo: nani anangoja barua kutoka wapi, na watu wa ua mmoja wanavyosemezana. Alikuwamo Rachel Auerbach, aliyesimamia jiko la supu la umma, namba 40 mtaa wa Leszno. Ringelblum ndiye aliyemsihi abaki Warsaw alipokuwa anataka kukimbia. Aliwaandika wateja wake mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa wakipungua siku hadi siku huku bakuli likijazwa kila mchana, na akajiuliza kama supu ile ilimwokoa mtu au ilirefusha tu kufa kwake. Sijui ofisi ya misaada popote duniani ambayo ingekubali ripoti ya namna hiyo iende kwa wafadhili.

Na hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Ringelblum alitaka watu waandike papo hapo, kabla hawajajua mwisho, maana aliona ya mwezi uliopita yakifutwa na ya mwezi huu. Alitaka pia yaandikwe ya aibu: polisi wa Kiyahudi waliowakamata Wayahudi wenzao, tajiri aliyekula mkahawani na nje mtoto amelala kando ya njia amekufa kwa njaa. Kuna watu husema marehemu hasemwi vibaya. Hawa walijisema wenyewe wangali hai, na ndiyo maana mimi nikisoma mahali wanaposifu mtu, naamini.

Mwanzoni mwa 1942 kazi ilibadilika. Aliingia getoni mtoro kutoka Chełmno, kambi nyingine ya mauaji, anayejulikana katika makaratasi yale kwa jina la Szlamek. Wajerumani walikuwa wamemfanya mchimba makaburi, kuwazika watu waliouawa kwa moshi ndani ya magari. Hersz Wasser na mkewe Bluma walikaa naye, wakaandika kila alichosema. Kisha akapelekwa Zamość ajifiche. Kutoka huko akaandika kwa mafumbo kwamba Bełżec nako kuna makaburi kama ya Chełmno. Yeye mwenyewe akaishia Bełżec.

Taarifa zile zilipita kwa watu wa siri wa Kipolandi hadi London. Tarehe 26 Juni 1942 redio ya Uingereza ikatangaza habari za mauaji ya Wayahudi wa Poland. Ringelblum aliandika siku hiyo kwa furaha, akiona kundi lake limetimiza wajibu na limempiga adui pigo. Hata mwezi haukuisha. Tarehe 22 Julai treni za kwenda Treblinka zikaanza kujazwa, na hadi Septemba watu wapatao 265,000 walikuwa wamechukuliwa. Sehemu kubwa ya ile T ya Höfle ilitoka humo.

Mwalimu Izrael Lichtensztajn alipewa kazi ya kuficha. Alifanya kazi katika shule iliyokuwa namba 68 mtaa wa Nowolipki. Tarehe 3 Agosti 1942, yeye na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, Dawid Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18, wakazika masanduku kumi ya bati chini ya jengo lile. Kila mmoja alitia wosia wake ndani. Graber aliandika kwamba yale waliyoshindwa kuupigia ulimwengu kelele wameyazika ardhini. Lichtensztajn hakuomba shukrani wala mnara. Aliomba akumbukwe mkewe, mchoraji Gela Seksztajn, na binti yao Margalit, aliyekuwa na umri wa miezi ishirini. Grzywacz alikuwa bado anaandika aliposikia mtaa wa wazazi wake umezingirwa. Akaandika kwamba anakimbia kuwatazama, hajui yatakayompata. Kisha: kumbukeni, jina langu ni Nachum Grzywacz.

Bibi kizee wa Treblinka hakuulizwa jina. Huyu hakungoja kuulizwa.

Februari 1943 ikazikwa sehemu ya pili, palepale, ndani ya madebe mawili ya maziwa, yale makubwa ya alumini yenye mikono na kifuniko, ambayo mfugaji hupelekea maziwa kiwandani. Sehemu ya tatu ikazikwa Aprili mwaka huohuo mtaa wa Świętojerska, namba 34, karibu na siku za maasi ya geto. Ringelblum mwenyewe alifichwa nje ya ukuta, katika handaki chini ya banda la mimea, pamoja na watu karibu arobaini. Machi 1944 handaki likagunduliwa. Akauawa yeye, mkewe, mtoto wao Uri, na Mpolandi aliyewaficha.

Katika kundi zima walionusurika na kujulikana ni watatu: Hersz Wasser, Bluma, na Rachel Auerbach. Baada ya vita geto lilikuwa bahari ya matofali. Mitaa haikuonekana, mnara wa kanisa la Mtakatifu Augustino tu ndio uliobaki umesimama Nowolipki. Auerbach hakuacha kuwasumbua watu kwamba chini ya kifusi kile kuna hazina. Tarehe 18 Septemba 1946 masanduku kumi yakapatikana.

Yalikuwa yameingia maji. Bati halikuzibwa kwa kulehemu. Walikuwa na haraka, na nani atawalaumu? Karatasi zilikuwa zimelowa, zimeshikana, pini zimeota kutu. Nina haki ya kulisema hili kwa uchungu. Mwaka mmoja wa masika makali, katika ghala moja nililofanyia kazi nikiwa kijana, bomba la paa lilivuja wiki nzima na hakuna aliyekuja kuliziba, na barua ya kuomba fundi niliiandika mimi mwenyewe mara nne. Tulitandaza majalada juu ya viti, mezani, hata uani, tukiyageuza kama dagaa. Ukilazimisha kuzibandua karatasi zilizolowa, unaondoka na wino. Walioifungua hazina ya Nowolipki iliwabidi watenganishe ukurasa kwa ukurasa, na karibu kila ukurasa, mwandishi wake alikuwa amekwisha kufa.

Madebe ya maziwa yalikutwa kwa bahati, tarehe 1 Desemba 1950, na mafundi wa ujenzi. Hayo yaliziba vizuri, na ndani mlikuwa mkavu kuliko kwenye masanduku. Ndugu zangu, siku mkiletewa bajeti ya vyombo vya kutunzia, kumbukeni debe la maziwa.

Leo sehemu zote mbili, kurasa zipatazo 35,000, ziko katika Taasisi ya Historia ya Kiyahudi, Warsaw, katika jengo lililokuwa maktaba kando ya Sinagogi Kuu, ambayo Wajerumani waliilipua Mei 1943. UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1999. Auerbach alihamia Israel, akasimamia ukusanyaji wa shuhuda katika taasisi ya Yad Vashem, na mwaka 1961 akasimama kutoa ushahidi katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi. Yaani yule wa jiko la supu aliendelea na kazi ileile ya kuuliza watu na kuandika.

Najua kuna atakayeuliza habari za sehemu ya tatu, kwa hiyo nimjibu kabla hajainua mkono. Kilichopatikana ni kurasa chache zilizoungua. Mahali penyewe baadaye pakawa uwanja wa ubalozi wa China. Mwaka 2003 watafiti waliruhusiwa kuingia na kuchimba bustanini. Hawakuikuta.