Tisa Nayo Ilichanganya

Leo mtasikia Koncheto ya Piano katika F, yaani kazi ya piano na okestra, ya Mmarekani George Gershwin, na baada ya mapumziko Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Najua wapo waliokusudia kuchelewa, wafike mapumzikoni, wapate sambusa, waingie kusikiliza "kazi yenyewe". Hao nina neno nao, na waliowahi kunisikia wanalijua.

Mnaniambia Gershwin alichanganya jazi na okestra, kwa hiyo yake ni ya kuchangamshia ukumbi tu. Haya, tuingie ndani ya hiyo Tisa mnayoivulia kofia. Sehemu tatu nzima kwaya imekaa kimya. Ya nne inaanza kwa kishindo, selo na besi zinahutubia bila maneno, zinazikataa tuni za sehemu zilizotangulia moja baada ya nyingine. Kisha wimbo wa furaha unapanda, kwaya inaingia na shairi la Mjerumani Schiller, wanapaza hadi malaika asimame mbele ya Mungu. Wanaivuta sauti hiyo, ukumbi mzima umezuia pumzi. Halafu?

Pu. Kimya. Pu. Ngoma kubwa na basuni. Wengine hucheka, na wana haki. Mara filimbi ndogo, matoazi, pembetatu ya chuma, na mwimbaji wa sauti ya tatu anaingia na wanaume wenzake kwa mwendo wa gwaride. Hiyo ni bendi ya Kituruki, ndugu zangu! Ni muziki wa Wajanisari, askari wa dola ile ile iliyouzingira mji wa Vienna mwaka 1683. Karne iliyofuata mtindo wao ukawa fasheni mjini humo humo. Mozart aliutia katika opera mwaka 1782. Aliyewahi kufuata beni likipita mtaani Lamu anaijua raha hiyo. Na Beethoven aliuweka wapi? Mara tu baada ya neno "Mungu". Tarehe 7 Mei 1824, hapo hapo Vienna.

"Lakini Beethoven aliupandisha hadhi," mtaniambia. Hapo ndipo ninapogombana na watu! Hata Walter Damrosch, kondakta aliyeagiza koncheto hii, alimsifu Gershwin kwa namna hiyo: kwamba amemvika binti jazi vazi la kikale la heshima. Kwani alikuwa uchi? Sikilizeni mwanzo: timpani, kisha mdundo wa Charleston, dansi ya Wamarekani Weusi, inaingia bila kupiga hodi. Sehemu ya pili tarumbeta iliyozibwa mdomo inaimba bluzi kwa kituo, na piano, mwenye shughuli, inasubiri zamu. Nani hapo amemvika nani? Na sehemu za vyombo vyote vya okestra humu Gershwin aliziandika kwa mkono wake. Kazi yake ya awali, Rhapsody in Blue ya 1924, aliandikiwa sehemu hizo na Ferde Grofé. Koncheto hii ilipopigwa mara ya kwanza, Desemba 1925, ukumbi wa Carnegie Hall, New York, alikaa kwenye piano mwenyewe.

Nilitaka kusema juu ya waimbaji wa sauti ya kwanza katika Tisa, jinsi Beethoven anavyowaning'iniza juu huko bila huruma. Muda hauniruhusu. Na anayeuliza haya yanatuhusu nini, awaulize Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wa Kinshasa: okestra yao iliyoanzishwa 1994 imeipiga Tisa hiyo, na kwaya yake yote.

Kondakta ananitolea macho. Zimeni simu.