Tuingie Jikoni: Pensheni za Watumishi wa California Zinavyowekezwa

Ndugu walimu, wauguzi, maofisa kilimo, na ninyi wastaafu wetu mlioketi mstari wa mbele, shikamooni. Asanteni kwa kunialika.

Tangu 2018 neno "kikokotoo", yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, limefika hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Mifuko minne ya pensheni hapa Tanzania, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ikawa PSSSF. Ikaja kanuni ya mkupuo, yaani fungu la mafao analolipwa mstaafu kwa mara moja, wa asilimia 25, watumishi wakalia, na Desemba 28 mwaka huohuo Rais Magufuli akaisitisha. Baadaye mkupuo ukawa asilimia 33, kisha 40. Nimeyafuatilia mabishano hayo kwa makini, na karibu yote yanahusu namna ya kugawa chakula kilichokwisha kuiva. Leo naomba tuingie jikoni, tuangalie kinavyopikwa.

Jiko nitakalowapeleka liko mbali, Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, Marekani. Mfuko wenyewe, wa pensheni za watumishi wa umma wa jimbo hilo, unaitwa CalPERS. Wanachama wake ni zaidi ya milioni 2: polisi, makarani, askari magereza, wapishi na madereva wa mabasi ya shule. Walimu wana mfuko wao mwingine. Katikati ya 2024 CalPERS ilikuwa na takriban dola bilioni 500. Nimeichagua kwa sababu mafanikio yake na makosa yake yote yameandikwa hadharani, na mfuko unaokosea hadharani hufundisha kuliko unaofanya vizuri gizani.

Ulianza kazi 1932, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kwa miongo kadhaa ulinunua hati fungani peke yake, yaani kukopesha fedha kwa riba. Mwaka 1953 ukaruhusiwa kuwekeza kwenye majengo. Mwaka 1966 wapiga kura wa jimbo waliruhusu fedha za pensheni kununua hisa, lakini zisizidi robo ya mfuko. Mwaka 1984 wapiga kura haohao waliuondoa ukomo huo, wakaiachia bodi iamue, mradi itumie busara na iwajibike. Hebu fikirini: swali la kununua au kutonunua hisa lilipelekwa kwenye sanduku la kura.

Bodi ina wajumbe 13. Sita wanachaguliwa na wanachama wenyewe, watatu wanateuliwa, na wanne wanaingia kwa vyeo vyao, akiwemo mhazini wa jimbo. Vikao vyake vya wazi vinarushwa mtandaoni, na mstaafu yeyote anaweza kusimama akasema dakika zake tatu. Mwaka 1991 Gavana Pete Wilson alichota akiba ya mfuko kuziba pengo la bajeti. Mwaka uliofuata wananchi walibadili katiba ya jimbo, wakasema mamlaka ya uwekezaji ni ya bodi peke yake. Hili nalisisitiza, kwa sababu bila ulinzi wa namna hiyo mengine yote nitakayosema hayana maana.

Sasa tufike kwenye kiini. Mkimuuliza mtu wa mtaani mfuko wa pensheni unafanya uamuzi gani mkubwa, atasema ni kuchagua hisa ipi au jengo lipi. Sivyo. Uamuzi mkubwa kuliko yote ni namba moja: mfuko unatarajia kupata faida ya asilimia ngapi kwa mwaka, kwa miaka mingi ijayo. Watakwimu bima, yaani wataalamu wa hesabu za pensheni, huitumia namba hiyo kukokotoa leo kiasi kinachotakiwa kuwekwa kando ili ahadi ya kesho ilipike.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme nimemwahidi mtumishi shilingi milioni 10 baada ya miaka 30. Nikidhani fedha zitakua kwa asilimia 7.75 kila mwaka, leo natakiwa kuweka kama shilingi 1,065,000. Nikidhani zitakua kwa asilimia 6.8, natakiwa kuweka kama 1,390,000. Ahadi ni ileile na mtumishi ni yuleyule. Tofauti haifiki hata asilimia moja, lakini mchango unaotakiwa umepanda kwa karibu theluthi. Namba hizo mbili sikuzibuni. CalPERS ilikuwa na 7.75 hadi 2012, ikashuka hadi 7.5, ikashuka taratibu hadi 7, na tangu 2021 iko 6.8.

Mwanasiasa anaipenda namba kubwa. Inafanya ahadi ionekane rahisi, mchango wa mwajiri unapungua, na uchungu unasogezwa kwa watakaokuja. Mwaka 1999 soko la hisa lilikuwa limepanda sana, na CalPERS ilikuwa inakadiria asilimia 8.25. Bunge la jimbo likaongeza mafao kwa sheria iitwayo SB 400, hata kwa miaka ambayo watumishi walikuwa wameshaifanyia kazi, na mfuko wenyewe uliwaambia wabunge kwamba faida ya uwekezaji itabeba gharama. Miji mingi wakati huo haikuwa ikichangia hata senti. Mwaka uliofuata hisa za kampuni za teknolojia zilianza kuporomoka. Lakini mafao yakishaongezwa hayashuki pamoja na soko, na mimi sitaki yashuke, maana mtu amepanga maisha yake kwa ahadi hiyo.

Namba kubwa ina ubaya mwingine: inakulazimisha kukimbizana nayo. Ukiahidi 8 wakati hati fungani salama zinalipa 4, itakubidi utafute vitu vyenye hatari zaidi. Hapo tukumbuke mambo mawili ya kabla ya mtikisiko wa fedha duniani wa 2008.

La kwanza ni ardhi. Mwaka 2007 CalPERS iliweka karibu dola milioni 970 kwenye kampuni ya LandSource, iliyokuwa na maelfu ya ekari kaskazini mwa Los Angeles za kujengwa nyumba. Juni 2008 kampuni ikafilisika, na fedha hizo zikapotea.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka 2006 iliweka dola milioni 500 kwenye ununuzi wa Stuyvesant Town na Peter Cooper Village, mitaa ya maghorofa jijini New York yenye nyumba zaidi ya 11,000, iliyonunuliwa kwa dola bilioni 5.4. Wapangaji wengi walikuwa wa kipato cha kati, walimu na polisi miongoni mwao, na kodi zao zililindwa na sheria. Hesabu ya biashara ile ilitegemea nyumba hizo zitoke kwenye ulinzi huo ili kodi zipande. Yaani pensheni ya polisi wa Sacramento ilipwe kwa kumbana polisi wa New York! Mwaka 2009 mahakama iliamua kwamba nyumba nyingi zilitolewa kwenye ulinzi kinyume cha sheria, na mwanzoni mwa 2010 mali yote ikarudi kwa wadai. CalPERS haikuambulia kitu. Naamini mfuko wa watumishi una wajibu wa kuuliza faida inatoka mfukoni mwa nani, na hata mwenye kujali hesabu tu angeona kwamba mpango huo ulikuwa umesimama juu ya mchanga.

Mtikisiko ulipofika, mfuko uliokuwa na dola bilioni 260 Oktoba 2007 ulibaki na kama bilioni 160 Machi 2009. Sehemu ya maumivu ilitokana na uhaba wa ukwasi, yaani fedha taslimu za kulipa papo hapo. Wabia wa majengo na kampuni binafsi walikuwa wakidai fedha walizoahidiwa, na ili zipatikane CalPERS iliuza hisa wakati bei ziko chini. Kila mkulima anaijua hasara hii: kuuza mahindi wakati wa mavuno kwa sababu ada ya shule imefika.

Rushwa nayo haikukosekana. Fred Buenrostro, mtendaji mkuu wa mfuko kuanzia 2002 hadi 2008, alikiri mahakamani kupokea hongo kutoka kwa dalali aliyelipwa na kampuni zilizotaka kusimamia fedha za pensheni. Sehemu ya hongo hiyo ilikuwa fedha taslimu kwenye mifuko ya karatasi na boksi la viatu. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Kufikia hapo sheria ilikuwa imeshabadilishwa, madalali wa aina hiyo wakatakiwa kujisajili kama washawishi, yaani watu wanaolipwa kushawishi maamuzi ya serikali.

Kuna uvujaji mwingine usio na boksi la viatu, nao ni halali kabisa. CalPERS inaweka fedha kwa wasimamizi wanaonunua kampuni zisizouzwa kwenye soko la hisa, na wasimamizi hao huchukua fungu la faida. Kwa miaka mingi hakuna aliyejumlisha fungu hilo ni kiasi gani. Mwaka 2015, baada ya kubanwa kwa maswali, mfuko ulitoa hesabu: dola bilioni 3.4 tangu 1990. Hata hivyo Machi 2024 bodi iliongeza uwekezaji wa aina hiyo kutoka asilimia 13 hadi 17 ya mfuko, ikiamini faida baada ya makato bado ni nzuri. Mimi nina mashaka, lakini angalau sasa makato yanaonekana.

Kwetu je? PSPF ilipoanza 1999, ilirithi watumishi waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi bila kuchangia, na mfuko ukaanza kuwalipa. Deni hilo la serikali lilikaa miaka zaidi ya 20, hadi mwishoni mwa 2021 ilipotolewa hati fungani maalumu isiyo taslimu, yaani ahadi ya serikali ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF. Ni hatua, na naipongeza. Lakini fedha ambayo haikuwemo haikuzaa. Kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa mwaka wa faida iliyopotea, na upungufu wa namna hiyo ndio unaokuja kujadiliwa kwa jina la kikokotoo.

Nimalizie na mji mdogo wa Loyalton, milimani California, wenye watu mia saba na kitu. Mwaka 2013 baraza lake lilijitoa CalPERS ili kubana matumizi. Mji unapojitoa, mfuko hauwezi tena kuudai kesho ikiwa soko litaanguka, kwa hiyo hauikokotoi ahadi yake kwa ile namba kubwa, unaikokotoa kwa faida ndogo ya hati fungani salama. Ankara ikaja: kama dola milioni 1.6. Mji ukashindwa kulipa. Mwaka 2017 wastaafu wake wanne walikatwa kama asilimia 60 ya pensheni zao. Walikuwa wamefanya kazi yao yote, na hakuna aliyekuwa amewauliza lolote.

Nimebakiza dakika za maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Loyalton.